Kompyuta Ikikataa Neno la Siri

Kompyuta ya nyumbani ikibadilika bila sababu kuonekana, upesi hutafutwa mwenye kulaumiwa, na mara nyingi huwa ni mtoto wa watu.

Hapa Katogota, katika uwanda wa Ruzizi, jirani yangu anayo kompyuta iliyokwisha kutumika, inayopata umeme wa jua. Huwekea humo hesabu za mpunga, na watoto huisomea. Jioni moja iliomba neno la siri saa asiyoitazamia. Akaliandika, ikakataa, mara ya tatu, ikakataa. Basi akamshika mpwa wake aliyekaa nao kwa ajili ya shule: bila shaka amelibadili apate kupekua barua. Kijana alikana, lakini ilikwisha kunenwa kwamba arudishwe kwao Uvira, na muhula haujafika nusu.

Nilipoitwa, nilimwomba mzee abonyeze alama ya jicho iliyo kando ya neno la siri, ili herufi zionekane. Neno lake silitaji. Tuseme lilikuwa “zawadi”. Vidole viliandika zawadi, kioo kikaonyesha “wqzqdi”. Kibodi ya kompyuta hiyo imechapwa kwa mpango wa Kiingereza, lakini ndani yake umewekwa pia mpango wa Kifaransa, ambao hugeuza A kuwa Q na Z kuwa W. Vitufe vya Alt na Shift vikibanwa pamoja, hata kwa kiwiko cha mtoto mchanga, mpango hubadilika. Pembeni chini paliandikwa FRA. Tukarudisha ENG, mlango ukafunguka, na kijana akaendelea na shule yake. Katika nchi kama yetu, isomayo Kifaransa na kununua mashine za kila upande, naona jambo hili lingefundishwa kabla ya mengine yote.

Palikuwa na ajabu nyingine: tarehe ilirudi nyuma miaka mingi, na kurasa za intaneti hazikukubali kufunguka. Mara nyingi hilo ni kazi ya betri ndogo ya saa iliyo tumboni mwa mashine. Ikifa, na umeme ukikatika, saa hupotea. Vyeti vya usalama vya kurasa vina tarehe zake, na mashine yenye tarehe ya uongo huvidhania batili.

Wezi nao wapo, wala sitaki mtu alale usingizi. Kidirisha kikizuka chenyewe na kudai neno la siri la barua zako, usikijibu. Kifunge, kisha ufungue barua kwa njia yako ya kila siku. Halafu tazama orodha ya vyombo vilivyoingia katika akaunti yako. Ukiona simu au kompyuta usiyoijua, iondoe, ukabadili neno la siri kwa kutumia chombo kingine unachokiamini. Na kila mtu wa nyumbani apewe akaunti yake mwenyewe katika kompyuta, watoto wasiwe na ile yenye ruhusa ya kuingiza programu.