Mwanagenzi Apewe Sentensi

Kiswahili kina neno zuri ambalo maofisini halisikiki sana: mwanagenzi. Ni mtu anayejifunza kazi kwa kuifanya, mbele ya fundi. Sisi Dar es Salaam tunasema tu kijana "yuko fildi", na fildi yenyewe mara nyingi ni kutoa kopi, kufuata chipsi za mabosi na kukaa kwenye kiti cha kuazima mpaka saa kumi ifike. Wiki nane zinaisha, ripoti inagongwa mhuri, chuo kinatoa alama. Kazi je? Hakuna aliyeiona.

Kabla sijawa mwandishi wa habari nilifanya fildi kwenye kampuni ya matangazo. Miaka zaidi ya kumi imepita, na kuna kazi moja niliyopewa pale ambayo bado inanisaidia kila nikikaa kuandika.

Kwanza msomaji ajue mambo yanavyokwenda. Kampeni nyingi huzaliwa kwa Kiingereza. Maelekezo ya mteja ni Kiingereza, na wazo linapitishwa kwa Kiingereza. Jioni kabisa ndipo mtu anakumbuka kwamba wasikilizaji wa redio wanaongea Kiswahili. Hapo anaitwa mtoto wa fildi: "Hebu tuwekee hii kwa Kiswahili, chap chap." Yaani maneno pekee ambayo mama wa Mbagala atayasikia yanaandikwa na mtu asiye na mshahara, ambaye hata kikaoni hakuwemo.

Bahati yangu ilikuwa dada mmoja aliyesimamia uandishi. Tulikuwa na tangazo la redio la sabuni ya unga, sekunde 30, na tafsiri ilishatumwa na mteja mwenyewe. Dada akatoa simu, akaweka saa ya kupimia.

"Isome kwa sauti, mdogo wangu."

Nikaisoma. Sekunde 41. Kiswahili kina maneno marefu; ukikitafsiri Kiingereza neno kwa neno, muda hautoshi. Halafu mstari wa mwisho ulisema "usafi unaojieleza wenyewe". Jamani, nani anaongea hivyo uani?

"Sasa usinitafsirie," akasema. "Niambie jirani yako angesemaje."

Akanipa siku mbili. Nilisikiliza watu kwenye daladala na bombani, nikajaza kurasa za daftari. Nikarudi na "Ukifua, mtaa unajua." Hakunisifu. Alinipeleka kwenye kikao cha mteja, akataka niusome mwenyewe na niutetee. Bwana mmoja upande wa mteja akauliza, "Mtaa unajua nini?" Nikamjibu, "Kwamba umebadilisha sabuni." Wakacheka, wakabishana, wakakata sentensi mbili nilizozipenda, mstari ule ukabaki. Wiki iliyofuata nilikaa studio wakati unarekodiwa.

Hicho ndicho ninachokiita uzoefu: upewe kitu kidogo lakini kizima, chenye mwanzo na mwisho, uwepo kinapohukumiwa, na ukisikie kikitoka. Dorothy L. Sayers aliingia S. H. Benson ya London mwaka 1922 kama mwandishi wa matangazo, akakaa huko miaka kadhaa, akiandika hata kampeni ya haradali ya Colman's. Riwaya yake ya mwaka 1933, Murder Must Advertise, inatokea ndani ya kampuni ya matangazo. Ukiisoma unajua kabisa kwamba mwandishi hakuwa mtu wa kutumwa chai: anajua nani anagombana na nani, na kwa nini neno moja linaweza kumkasirisha mteja.

Wenye kampuni wana hoja yao. Mteja analipa, muda ni mfupi, nani ana nafasi ya kulea mwanafunzi? Sawa. Lakini yule dada hakunipa kampeni. Alinipa mstari mmoja, akabaki na mamlaka ya kuukataa. Kumsikiliza kijana akisoma sekunde 30 hakumalizi siku ya mtu.

Na kuna suala la nauli, ambalo tunaona aibu kulitaja. Mimi nilikuwa nalala kwa shangazi, nakula kwake. Mwenzangu niliyeanza naye alikuwa anapanda magari mawili kwenda na mawili kurudi, bila hata shilingi ya ofisi. Wiki ya tatu hakuonekana tena. Alikuwa ananishinda mimi kwa masikio; misemo ya mtaani ilikuwa inamtoka tu. Kampuni ilitafuta sauti ya mtaa huku ikimwacha mwenye sauti hiyo ashindwe kufika.

Kwa hiyo kama unasimamia vijana wa fildi, walipe nauli kwanza. Kisha kazi ya Kiswahili itoe jioni, iweke asubuhi, na anayeiandika awepo maelekezo yanapotolewa. Jina lake liandikwe kwenye kazi, ili kesho akiomba ajira awe na cha kuonyesha zaidi ya ripoti yenye mhuri. Chai kila mtu anaweza kujichemshia.