Kibodi kwa Vidole vya Mkulima

Baadhi yenu mmeuliza kile kikasha cha mbao kilichoko mezani pangu ni kitu gani. Ni kompyuta ya kiganjani iliyoundwa hapa hapa nyumbani, nami ninaisanifu upya.

Kiini chake ni Raspberry Pi Zero 2 W, kompyuta kamili juu ya kibao cha milimita 65 kwa 30, iliyotolewa Uingereza mwaka 2021. Kuhusu umeme sina mengi ya kusema: betri moja ya lithiamu hukiwezesha kifaa kufanya kazi saa kadhaa, na hizo zinatosha kazi ya siku moja kigangoni.

Shida iko kwenye kibodi. Kifaa cha kwanza kilitumia kibodi iliyotolewa katika simu kuukuu ya BlackBerry. Mimi niliandika nayo bila taabu. Katibu wa kigango, mzee aliyeshika jembe kwa zaidi ya miaka 50, aligusa herufi moja zikaja tatu, akanirudishia kwa adabu: "Baba Paroko, hii ni ya vijana." Nimekataa kuamini kwamba vidole vyake ndivyo vyenye kasoro.

Kibodi ya mezani hutenga milimita 19 kutoka katikati ya kitufe hadi katikati ya jirani yake. Kwa vitufe kumi vya safu moja, hizo ni milimita 190. Kifaa hicho hakishikiki mkononi. Nimechagua milimita 12. Vitufe ni 40, safu nne za vitufe kumi kumi, na kwa mpangilio huo nyaya 14 zinatosha badala ya 40. Kila kitufe nimekipa diodi yake. Bila diodi, vitufe vitatu vilivyo katika pembe za mstatili vikibonyezwa pamoja, cha nne nacho huonekana kimebonyezwa.

Je, herufi zipi zistahili nafasi? Mpangilio tuliourithi ulitokana na taipureta ya Christopher Sholes, iliyouzwa na Remington tangu mwaka 1874, nao haukumfikiria mwandishi wa Kiswahili. Sisi maneno yetu hayahitaji Q wala X. Tunahitaji ritifaa: ng'ombe, ng'ambo, na hapa Usukumani, majina ya watu. Mtoto wa ukoo wa Ng'wandu akiandikwa Ngwandu katika cheti kimoja na Ng'wandu katika kingine, mzazi atazunguka ofisi nyingi akithibitisha kwamba mtoto ni yule yule. Basi ritifaa imepewa mahali pa Q. Q na X hupatikana kwa kushikilia kitufe cha pembeni. Kuzifuta kabisa haiwezekani, maana akina Felix ni wengi daftarini!

Limebaki suala la mlio. Vitufe vya mpira ni bei nafuu, lakini viko kimya. Mzee anataka vinavyolia, ili ajue herufi imeingia bila kuinua macho kwenye karatasi anayonakili. Vya kulia ni ghali zaidi. Nimeagiza 40, pamoja na vitano vya akiba.