Kaburi la ukoo lililokosa jiwe moja

Kilomita chache nje ya mji wa Ciutadella, magharibi mwa kisiwa cha Menorca nchini Hispania, mgeni hushuka kwenye gari na kufuata njia ya miguu katikati ya mashamba yaliyozungushiwa kuta za mawe. Mbele yake hutokea kitu kinachofanana na mashua iliyopinduliwa kifudifudi.

Hilo ni kaburi la Es Tudons. Wenyeji huita makaburi ya aina hii naveta, yaani mashua ndogo. Lina urefu wa takriban mita 14, na mawe yake makubwa yamepangwa bila saruji.

Ukitazama upande wa mbele, kule juu, utaona pengo. Wenyeji wana kisa chake. Majitu mawili yalimpenda binti mmoja, yakashindana: moja lijenge naveta, jingine lichimbe kisima. La kwanza kumaliza ndilo lingeoa. Mjenzi alikuwa anarudi na jiwe la mwisho aliposikia mwenzake amefikia maji. Kwa hasira akamrushia jiwe lile kisimani, akamuua. Binti naye alikufa kwa majonzi, akazikwa humo humo.

Kisa kitamu, lakini waliozikwa humo hawakuwa majitu. Kaburi lilipochimbuliwa mwaka 1959 na 1960, ilipatikana mifupa ya watu wasiopungua 100. Baadhi walikuwa bado na bangili za shaba nyeusi mikononi. Walizikwa kwa karne kadhaa, takriban kati ya mwaka 1200 na 750 kabla ya Kristo. Hakuna aliyetengewa chumba chake. Ndani kuna vyumba viwili tu, kimoja juu ya kingine, na kila aliyekufa alilazwa na waliomtangulia.

Jinsi watu hao walivyowahudumia wafu wao inaonekana vizuri zaidi katika pango la Es Càrritx, kisiwani humo humo, lililokuwa pia mahali pa kuzikia. Nywele za baadhi ya marehemu zilikatwa, zikapakwa rangi nyekundu na kuwekwa ndani ya vikopo vya mbao na pembe, kisha vikafichwa ndani zaidi ya pango.

Mwaka 2023 watafiti walitangaza kwamba nywele hizo, zenye umri wa karibu miaka 3,000, zilikuwa na atropini, skopolamini na efedrini, zote zitokazo kwenye mimea. Atropini ndiyo ile ambayo madaktari wa macho hutumia kupanua mboni. Ikizidi, humfanya mtu aone yasiyokuwepo. Aliyejua kipimo chake wakati ule alikuwa mtu wa kuheshimiwa, na pengine wa kuogopwa.

Mwaka huo huo, UNESCO iliingiza makaburi na majengo ya kale ya Menorca katika orodha ya urithi wa dunia.

Kwa sasa wageni huliona kaburi la Es Tudons kwa nje tu. Wengi huinama kuchungulia mlango wake, ambao ni tundu dogo lisilomruhusu mtu mzima kupita akiwa amesimama. Aliyekuja kumzika mama yake alipaswa kupiga magoti, kutambaa gizani akimvuta marehemu, na kumtafutia nafasi katikati ya mifupa ya babu na bibi.