Namba Iko Sawa, Kumbe Ina Wageni!

Wiki hii tuache kidogo mapenzi na mitindo, tuongelee vitu visivyoonekana kwa macho. Tulia, si majini! Ni alama za kwenye kompyuta ambazo zipo kabisa ndani ya maandishi, ila skrini haikuonyeshi.

Jirani yangu mmoja, kaka mpole tu, ni kibarua kwenye ujenzi. Malipo yao yanaingia kwa simu. Mwezi mzima wenzake wanapokea mshiko, yeye hola! Akienda ofisini, dada wa uhasibu anamjibu, "Mfumo unakataa, wewe umetupa namba feki." Wanaisoma namba pamoja tarakimu kwa tarakimu, iko sawasawa. Mama mwenye nyumba akawa anagonga mlango kabla ya jogoo kuwika. Mkewe naye akanuna, akidhani hela inaishia nyumba ndogo. Ndoa ilikuwa inaelekea kubaya, bwana.

Mimi nimeishia kidato cha nne, ila kilaptopu changu cha mtumba kina Linux na nimezoea kukichokonoa. Nikamwambia kaka amwombe yule dada amtumie mstari wake tu, kama faili. Nikaandika cat -A, nikaweka na jina la faili. Jamani! Mbele ya namba kumekaa M-bM-^@M-* na nyuma yake M-bM-^@M-, wametulia kama wapangaji wasiolipa kodi. Jicho linaona tarakimu 10, mfumo unahesabu alama 12. Utakubali vipi?

Wageni wale wana kazi yao halali. Wanaiambia kompyuta isome kutoka kushoto kwenda kulia, ili namba ikikaa katikati ya maandishi ya Kiarabu isivurugike. Simu nyingine huwabandika zenyewe kwenye namba za majina uliyohifadhi, na ukinakili unawabeba wote. Ndicho alichofanya yule dada.

Amri hiyo haihusiani na paka. Ni kifupi cha neno la Kiingereza la kuunganisha, na imo kwenye Unix tangu 1971. Kazi yake ni kuunganisha mafaili na kuyaonyesha. Hiyo A kubwa ndiyo inayofichua: kila mwisho wa mstari unaona $, tabu inakuwa ^I, na faili lililotoka Windows linakuonyesha ^M kabla ya $. Hiyo ^M ni urithi wa mashine za kuchapa za simu ya maandishi, zilizohitaji amri moja ya kurudisha kichwa mwanzo wa mstari na nyingine ya kusogeza karatasi. Mashine zimekufa, alama imebaki kusumbua watu. Kama una Mac, andika cat -vet.

Kuna mtaalamu, Rob Pike, mwaka 1983 alisimama kwenye mkutano wa watu wa Unix kupinga jambo hili. Alisema amri ya kuunganisha ibaki kuunganisha, na kazi ya kufichua ipewe programu yake. Mwaka uliofuata, yeye na Brian Kernighan wakaeleza kwenye kitabu programu ya namna hiyo, wakaiita vis. Kwa usafi wa kazi wana hoja. Ila mtu anayedaiwa kodi hachagui chombo, anashika kilicho karibu!

Dawa ilikuwa rahisi. Namba ilifutwa yote ikaandikwa upya kwa vidole, bila kunakili. Jioni simu ya kaka ikalia, na mkewe ndiye aliyeusoma ujumbe wa kwanza.

Jumatatu yule dada akaniomba nimpitishie orodha nzima. Tukakuta wengine wanne wenye wageni walewale. Mmoja ni mzee mlinzi, ambaye alishaacha hata kufuatilia.