Si Kupumua Tu

Hapa Kakuma ukimuuliza mtu "Uko aje?", mara nyingi atakujibu, "Niko tu, napumua." Hata mimi nimejibu hivyo, hasa zile siku chakula cha mgao kimepunguzwa na simu ya mahojiano haijapigwa. Tunamaanisha hakuna kinachoendelea. Mwili upo, basi. Lakini mimi nafundisha watu wazima sayansi jioni, na hilo neno "tu" linanisumbua. Kupumua ni kazi, tena kazi ambayo ikisimama dakika chache, nyingine zote zinaisha. Hilo nililiona Gudele kabla sijaweza kulieleza ubaoni.

Gudele iko upande wa magharibi wa Juba. Nilifundisha huko mpaka Julai 2016, vita viliporudi mjini na wengi wetu tukatoka. Mvua ikinyesha Gudele, maji yanasimama kila shimo, na baada ya maji ni mbu, baada ya mbu ni malaria. Msimu mmoja wa mvua jirani yangu, mama muuza chai, alinigongea usiku. "Ya ustaz, nafas mafi," akaniambia kwa Kiarabu cha Juba. Mwalimu, pumzi hakuna.

Mtoto wake wa miaka mitatu alikuwa anahema kama mtu aliyetoka mbio, na siku nzima alikuwa amelala. Hakuwa anakohoa. Viganja vyake vilikuwa vyeupe. Tukapanda bodaboda sote pamoja mpaka hospitali. Daktari akasikiliza kifua, akasema mapafu ni safi, kilichopungua ni damu. Yule mama akanigeukia: damu na pumzi zimejuana wapi?

Swali lake lilikuwa zuri kuliko mengi niliyoulizwa darasani. Sisi tunadhani pumzi inaishia kifuani. Hewa tunayovuta, katika kila sehemu 100, kama 21 ni oksijeni, na mapafu ni mlango tu wa kuiingiza. Anayeipeleka mwilini ni chembe nyekundu ya damu. Ndani yake mna hemoglobini, na kila molekuli moja ya hemoglobini inabeba molekuli nne za oksijeni.

Mtu wa Gudele ataelewa haraka nikimkumbusha yale malori ya maji. Mto Nile unaweza kujaa mpaka ukingoni, lakini lori lisipofika mtaani kwako, pipa lako ni kavu. Mdudu wa malaria anaingia ndani ya chembe nyekundu, anazaana humo, halafu anaipasua. Ni kama kuchoma malori. Hewa imejaa chumbani, mapafu yako sawa, lakini mzigo haufiki. Ndiyo maana mtoto anahema: mwili unahangaika na malori machache yaliyobaki. Yule mtoto aliongezewa damu, na kabla ya asubuhi pumzi yake ikatulia.

Sasa huo mzigo unapelekwa wapi? Unapelekwa kwenye seli, ndani ya vijumba vidogo vinavyoitwa mitokondria. Fikiria kanun, lile jiko la makaa la nyumbani. Ukilipepea linawaka, ukilinyima hewa linazimika. Seli nayo inaunguza sukari ya chakula kwa oksijeni, ila polepole, hatua kwa hatua, bila moto wa kuonekana. Moshi wake ni ile kabonidayoksaidi tunayoitoa puani. Nguvu inayopatikana inawekwa kwenye kitu kinaitwa ATP, kama chenji mfukoni: msuli ukitaka kujikunja unalipa, ubongo ukitaka kuwaza unalipa.

Molekuli moja ya sukari ikiunguzwa kwa oksijeni inaleta ATP kama 30. Bila oksijeni inaleta 2. Aliyekimbia Juba ile Julai anaijua hesabu hiyo miguuni mwake. Na ubongo, ambao ni kama asilimia 2 ya uzito wa mtu mzima, unakula karibu asilimia 20 ya oksijeni yote. Kwa hiyo hata ukikaa kwenye foleni tangu saa kumi na mbili asubuhi ukiwaza tu, kuna moto unawaka.

Nilipoanza kufundisha somo hili hapa kambini, nilifuatilia ni nani waliogundua haya mambo. Max Perutz, aliyeonyesha umbo la hemoglobini, alikuwa Mwaustria aliyeishi Uingereza. Mwaka 1940 alikamatwa kama raia wa nchi adui, akasafirishwa mpaka kizuizini Kanada. Mwaka 1962 akapewa Tuzo ya Nobel. Hans Krebs alifukuzwa kazi Ujerumani mwaka 1933 kwa kuwa Myahudi, akakimbilia Uingereza. Mwaka 1937 akiwa Sheffield alieleza ule mzunguko wa hatua ambazo seli inapitia kuunguza chakula. Jarida la kwanza alilolipelekea barua yake halikuichapisha. Mwaka 1953 alipata Nobel pamoja na Fritz Lipmann, aliyeeleza kazi ya ile chenji, ATP. Lipmann naye alitoka Ujerumani akaenda Denmark, halafu Marekani.

Nikiwasimulia wanafunzi wangu, mmoja huuliza, "Mwalimu, hata hao walikuwa na namba ya mgao?" Tunacheka. Halafu kalamu zinaanza kuandika haraka zaidi.

Nyinyi mnaosoma hapa, wakaaji na wafanyakazi wa mashirika, nawaombeni kitu kimoja. Mkiwa kwenye foleni ya kliniki mkaona mtoto anahema haraka, hata kama hana kikohozi, tazameni viganja vyake na ndani ya kope la chini. Kama ni vyeupe, huyo hawezi kungoja namba yake iitwe. Mpisheni mama yake apite mbele, na mwiteni muuguzi. Mtu akisema, "Si anapumua tu," mwambieni mtoto huyo anafanya kazi kubwa kuliko sisi wote tuliopanga foleni hapa, na nguvu zinamwishia.