Ubishi wa Mpira

Vali ya chuma inalia. Baada ya upasuaji, Dar es Salaam, sikuisikia. Mji una kelele zake. Nilipovuka Nyamisati kurudi kwetu Mbwera, usiku wa kwanza ikaanza: tiki, tiki, saa ya ukutani ndani ya kifua. Mke wangu aliisikia, akanyamaza.

Huku deltani mtandao ni wa kubahatisha. Mpwa wangu akienda Kibiti kununua mafuta ya boti hunipakulia podikasti: wanaume wawili wanabishana habari za mpira. Mpira wenyewe siupendi. Naiweka simu mtoni, sauti chini, nasinzia.

Juzi chaji iliisha katikati ya ubishi. Tiki, tiki. Gizani mke wangu akauliza, “Baba Zuhura, kwani lile goli walilikubali?”