Nyumba ya Kupimia Mitutu Mjini Birmingham

Katika barabara ya Banbury mjini Birmingham, Uingereza, lipo jengo la matofali lenye sanamu ya silaha juu ya lango lake. Hiyo ndiyo nyumba ya kupimia mitutu, iliyoanzishwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1813. Mtutu hupigwa risasi yenye nguvu kupita kawaida. Ukistahimili, hutiwa chapa.

Nilifika hapo nikiikumbuka bunduki ya marisau ya marehemu babu, yenye mitutu miwili, ambayo mimi mwenyewe niliisugua kwa msasa ili ing'ae. Aibu iliyoje! Kumbe nilikuwa nikifuta chapa na kupunguza unene wa chuma.

Mitutu mingi ya karne ya 19 ilifuliwa kwa kusokota pamoja vipande vya chuma na feleji, kisha vikaunganishwa motoni. Marembo ya msokoto huo hupendeza, lakini ilikusudiwa baruti nyeusi ya zamani. Ukiitia risasi za kisasa, kutu iliyojificha katika maungio yaweza kuupasua mtutu pale pale palipo mkono wa mpigaji.

Fundi huitenga mitutu na kitako, huining'iniza, kisha huigonga taratibu. Ikilia kama kengele, ni mizima. Ikitoa sauti butu, lehemu imeachia. Kitako cha mti wa jozi hupakwa mafuta ya kitani kwa kiganja, kidogo kidogo, siku kwa siku.

Niliporudi nyumbani niliipaka mafuta bunduki ya babu, nikaikabidhi kituo cha polisi.